Aliyetoa Watu Akabakiza Sherehe

Sikumpenda tangu mwanzo, na sioni sababu ya kuficha. Nilifanya naye kazi miaka tisa. Nilimpelekea video za harusi, ubatizo na matanga ya nusu ya mji wa Likasi, nikala maharagwe yake, nikatumia chaja yake, na muda wote huo sikuacha kumchunga. Mimi ni mpiga video. Kazi yangu imenizoesha kuangalia mikono ya watu wakati wengine wanaangalia nyuso, na mikono yake daima ilikuwa inafunga kitu: droo, kopo la sukari, faili.

Tulimwita Papa Monteur: papa kwa heshima, kama baba, na monteur kwa kuwa montaji ndiyo iliyokuwa kazi yake: kuunganisha vipande vya video na kuvitilia maandishi yanayotembea, maua yanayofunguka, majina yanayoingia kwenye skrini kwa rangi ya dhahabu. Jina lake halisi nililiona mara moja tu, juu ya kadi ya uchaguzi aliyoiacha mezani, na aliponiona ninalisoma akaigeuza. Sasa tazama, mtu anageuza kadi yake mwenyewe mbele ya mwenzake wa kazi. Mambo ya namna hiyo mimi siyasahau.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja pale Kikula, chenye dirisha la nondo, mlango wa mbele na mwingine wa nyuma. Alikuwa na kompyuta mbili, moja ya kazi na nyingine aliyosema ni ya akiba, na ile ya akiba sikumwona akiiwasha hata siku moja. Alikula amesimama. Nyumbani hakuwa na televisheni. Alitengeneza video za harusi zisizo na idadi, lakini harusi yenyewe hakwenda hata moja. Alialikwa, akatuma zawadi, akabaki chumbani mwake. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba akiiona harusi kwa macho yake atashindwa kuikata. Nilidhani ni majivuno tu.

Kilichomtenga na mafundi wengine ni kwamba alichukia kufanya kitu kimoja mara mbili. Fundi wa kawaida, akija bibi harusi mpya, anaanza upya: anachora maua, anapanga majina, anatafuta rangi. Papa Monteur alifanya hivyo mara moja. Baada ya hapo aliifungua ile kazi vipande vipande, akaondoa kila kitu kilichokuwa cha wale wawili, akaacha nafasi tano: jina la bwana, jina la bibi, tarehe, foto, rangi. Vingine vyote alivifunga visiguswe. Hapo ikawa modeli. Mtu wa studio nyingine, hata asiyejua kuchora duara, aliifungua, akajaza zile nafasi tano, na maua yakafunguka kwa majina mapya kama vile yalichorwa kwa ajili yao.

"Kwanza unatosha bantu," aliniambia nilipomuuliza inafanywaje; kutosha, kwetu, ni kutoa. "Sherehe inabakia, bantu banatoka. Kisha bantu bengine banaingia."

Aliyasema hayo kwa upole, huku akikoroga chai. Mimi yaliniingia vibaya, na niliporudi nyumbani nikayarudia mezani kama mtu anayetoa ushahidi.

Nilikuwa na sababu zangu pia. Mwaka fulani nilipiga video ya harusi ya kijana aliyefanya kazi kwenye bwawa la Mwadingusha, na kwa kuwa nilikuwa huko nikapiga maji yakianguka, marefu na meupe, jua likiyapiga kwa upande. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Papa Monteur akayapandisha majina ya maharusi kutoka ndani ya yale maji, na watu ukumbini wakapiga makofi. Miezi kadhaa baadaye niliyaona maji yangu katika studio nisiyowahi kuingia, chini ya majina ya watu nisiowajua. Nikaenda kwake moto. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema maji ni yangu kweli, akaniuliza kama nataka ayaondoe. Nikasema ndiyo. Akayaondoa siku ile ile, akaweka maji ya kuchora. Ningepaswa kuridhika. Badala yake nilirudi nyumbani nikijiuliza kwa nini amekubali haraka hivyo.

Kisha kulikuwa na daftari. Kila mteja aliyeingia aliulizwa swali lile lile: nani katika familia yenu ana jina refu kuliko yote? Na fupi kuliko yote? Majibu aliyaandika kwenye daftari la jalada la kijani, na daftari likarudi kwenye droo, na droo ikafungwa kwa ufunguo. Maelezo yake yalikuwa kwamba jina refu likiingia kwenye nafasi bila kukatwa, majina yote yataingia. Ni kweli, niliona mwenyewe: majina yenye jina la ukoo, la mume na la ubatizo yakiingia kwa mstari mmoja, herufi zikijipunguza zenyewe kwa adabu. Lakini daftari la majina ya watu, ndani ya droo yenye ufunguo, katika mji wetu huu?

Nilimwambia dada yangu mkubwa, ambaye namwita Yaya kama kila mtu hapa anavyomwita aliyemtangulia. Yaya anaongoza wamama wa maombi katika kanisa letu. Aliweka kijiko chini, akauliza yule papa anafanya nini na majina ya watu. Nikamweleza habari ya herufi na nafasi. Akanijibu kwamba maelezo hata mwizi anayo.

Lakini jambo lililowatia watu hofu zaidi lilikuwa modeli ya matanga. Pazia jeupe linafunguka, mishumaa inawaka mmoja mmoja, foto inatokea ndani ya fremu, kisha jina, tarehe mbili na mstari mmoja wa maneno. Sasa, modeli haiwezi kuachwa na fremu tupu; mpaka ijazwe ni lazima kuwe na sura fulani mule, la sivyo fundi hajui uso wa marehemu utakaa wapi. Kwenye harusi aliweka maharusi wa kuchora. Kwenye matanga mchoro haukumfaa, alisema ngozi ya mtu na mwanga wa mishumaa vinapaswa kujaribiwa kwa foto ya kweli. Na nani mzima wa Likasi atakubali kuazima uso wake kwa fremu ile? Basi aliweka wake. Papa Monteur mwenyewe katikati ya mishumaa, na tarehe yake ya kuzaliwa, na tarehe ya kufa iliyokuwa sifuri tupu.

Kila fundi mjini aliyefungua modeli ile alimkuta kwanza Papa Monteur amekufa, akamtoa, akamweka marehemu wa siku hiyo. Wakatoliki walifanya ishara ya msalaba. Mafundi wa makanisa ya maombi kama letu waliomba kabla ya kuifungua. Mimi nilisema wazi nyumbani kwamba yule mtu ana biashara na kifo: yeye anaingia na kutoka, wengine wanaingia na kubaki. Mama alikuwa hapo akichambua maharagwe. Alicheka mpaka akakohoa, akasema yule papa ana roho ngumu. Sikulitilia maanani neno lake.

Nisimsingizie yote. Mtu aliyefunga kopo la sukari alizigawa modeli zake kwa studio za mji mzima, kila moja na ukurasa wa maelezo alioandika kwa mkono, herufi zimesimama wima. Fundi akishindwa, alipanda kilima kwa miguu kwenda kukaa naye mpaka aelewe. Tulizitania faili zake kwamba ni wafungwa wa gereza la Buluo, naye akasema hata Buluo wageni wanaingia siku yao. Siku moja nilimuuliza kwa nini basi afunge, kama anagawa.

"Nafunga ile yenye kuvunjika," akasema. "Ile ya kujaza, sifungake."

Nilimtazama mikono. Ilikuwa imetulia juu ya meza.

Mama alipougua, hospitali ilisema ilichosema, na nyumbani tukasema kingine. Yaya aliamua kwamba neno lile lisitajwe chini ya bati letu, na mimi nikakubali, kwa sababu nilikuwa sitaki kulisikia. Mama akianza kusema habari ya siku atakapokuwa hayupo, tuliinua wimbo. Akiuliza nguo yake ya buluu iko wapi, tulimwambia ataivaa kwenye ushuhuda wa kuponywa kwake. Aliacha kuuliza. Tulidhani ni imani inakua ndani yake, na tulifurahi. Tulimpenda sana, na nilidhani hivyo ndivyo mtu anavyopendwa.

Alhamisi moja asubuhi nilipeleka kazi katika studio moja karibu na soko, kwa fundi mwanamke aliyekuwa anatumia modeli za Papa Monteur. Kulikuwa na familia imekaa pale, wamekuja kwa ajili ya matanga ya mzee wao. Fundi aliwaambia ana modeli mpya ya matanga, imefika juzijuzi tu, mishumaa yake inawaka polepole na ni mizuri zaidi. Akaifungua kabla ya kujaza chochote, wapate kuiona. Pazia likafunguka. Mishumaa ikawaka. Ndani ya fremu akatokea mama yangu.

Mama, na jina lake lote kamili, na tarehe yake ya kuzaliwa. Nilikuwa nimemwacha nyumbani dakika ishirini zilizopita akinywa uji. Mmoja wa wale waliokaa akamtambua, akasema kwa sauti ya chini kwamba hakujua kama yule mama ameshafariki. Na foto yenyewe niliijua: mama akiwa kijana, na aproni ya njano, mbele ya meza yake ya samaki. Kulikuwa na nakala moja tu duniani, na ilikaa ndani ya Biblia yake, na Biblia ilikaa chini ya mto wake.

Kabla sijafika nyumbani Yaya alikuwa ameshapigiwa simu. Hatukumwambia mama kitu. Tulikuwa hatumwambii kitu siku hizo. Saa nne tulikuwa mlangoni kwa Papa Monteur, mimi, Yaya, na wamama wawili wa maombi. Alisimama alipotuona, akatutolea viti. Hakuna aliyekaa.

"Foto ya mama yetu ulitosha wapi?" Yaya alimuuliza.

Alituangalia mmoja mmoja, na mimi alinikazia macho zaidi, kama anangoja kitu kutoka kwangu. Kisha akasema, "Ile kosa ni yangu. Ilifaa miye njo nikuwe mule mu fremu."

Hakuongeza. Yaya alirudia swali mara tatu, na mara tatu alitusogezea viti. Nilisema mimi pia, na nilisema mengi. Nilimwambia nilimjua tangu zamani, nilimwambia habari ya sifuri zake na daftari lake, nilimwita jina ambalo sitaliandika. Tukiwa bado pale, wamama wakataka droo ifunguliwe. Akaifungua mwenyewe. Wakachukua daftari la kijani, wakaliombea uani, wakalichoma. Alisimama mlangoni akitazama majina ya watu wote wa Likasi yakiungua, na mikono yake ilining'inia tu, haikufunga kitu.

Habari ilienea kabla ya jioni. Studio zikafuta modeli zake, hata za harusi. Watu wakawa wanavuka barabara wakimwona. Mama, kutoka kitandani, aliniuliza siku moja kama monteur wangu ni mzima. Nikamwambia amesafiri. Akaniangalia kwa muda mrefu, akauliza kama sijapita kwake. Nikasema kazi imepungua. Akageuka ukutani, na mimi nikasema moyoni kwamba akili yake inaanza kutangatanga.

Mama alifariki wiki ya nne baada ya siku ile, mchana, nyumbani. Video ya matanga ilitengenezwa na mtu mwingine kwa haraka, na foto waliyoweka ni ya harusi ya binamu, mama amevaa wigi asilolipenda. Nilikaa mbele ya skrini ile siku mbili na sikumwona mama yangu hata mara moja. Nilijua foto ipi ilipaswa kuwa pale. Kila mtu wa nyumbani aliijua, na hakuna aliyethubutu kuitaja. Miezi miwili baadaye nikasikia kwamba Papa Monteur amehama.

Mwaka huu nilikwenda Kapolowe kupiga video ya harusi kwenye misioni. Nilifika mapema, betri zangu zikiwa chini, nikaulizia mahali pa kuchaji. Walinielekeza kwenye kibanda kando ya barabara, chenye paneli ya jua juu ya bati na meza ya kuchapia foto za vitambulisho. Alikuwa ndani. Amekonda, na nywele zimekuwa nyeupe zote. Nilitaka kurudi nyuma lakini alikuwa ameshaniona.

"Kamera," akasema. Ndivyo alivyoniita siku zote. "Leta betri."

Nikampa. Akazichomeka, akanionyesha kiti. Nilikaa nikimtazama akipanga nyaya zake, na nilijua nimekuja na hoja yangu ile ile ya zamani. Nilikuwa bado naamini aliiba. Sijui alivyoiba, lakini niliamini. Mwaka mzima nilikuwa nimelala nayo, na kama hakuiba yeye, sikujua hasira yangu niipeleke wapi.

"Ile foto ya mama," nikamwambia, "ulitosha wapi?"

Aliacha nyaya. "Sasa njo unauliza," akasema. "Mama yako aliileta mwenyewe. Ilikuwa mu Bible yake."

Alinisimulia bila haraka. Mama alikuja mara tatu, siku za Alhamisi, wakati bado anaweza kutembea. Aliingia kwa mlango wa nyuma. Hapo nilikumbuka na uso ukaniwaka: Alhamisi hizo ni mimi niliyekuwa ninampeleka kwa pikipiki, akisema anataka kunyoosha miguu sokoni, na nilimshusha hatua mia moja kutoka kwa yule mtu. Mara ya kwanza alikaa akalia, asiseme anataka nini. Kisha akaomba amwone Papa Monteur ndani ya fremu yake, na alipomwona akaomba amtoe amweke yeye.

"Nilimukatalia," alisema. "Nikamwambia mama, muntu muzima haingii mule. Akaniambia: weye unaingia kila siku. Akasema: ku nyumba banakatala nikufe. Hapa nakufa kidogo, kisha narudia."

Mara ya pili alicheka, akalalamika kwamba mishumaa inawaka mbio mbio kama ina mahali pa kwenda, na Papa Monteur akaipunguza mwendo. Ndiyo ile iliyosifiwa sokoni kwamba ni polepole na mizuri. Mara ya tatu alileta foto ya aproni ya njano, akasema ile ya mwanzo ilimzeesha. Siku ile umeme ulikuwa unakatika na kurudi. Papa Monteur alihifadhi kazi kwa haraka, akaifunga modeli kwa haraka, akazigawa nakala kesho yake. Maisha yake yote alikuwa anatoa watu kabla ya kufunga. Mara hii moja alisahau kumtoa mtu na kujirudisha mwenyewe.

"Juu ya nini haukusema?" nikamuuliza. "Siku ile tulikuya kwako. Walichoma daftari yako. Ungesema."

"Aliniomba nisiseme. Dada yako alikuwa pale na bamama bake, na mama yako alikuwa angali muzima ku nyumba. Ningesema, bangemufanya nini?" Akanyoosha waya mmoja. "Nilimuuliza, ile kazi nimupe nani ikiisha. Akasema: mutoto wangu wa kamera anashuku kila kintu, siku moya atakuya kuuliza. Njo utamupa. Basi nilikuwa nakungoja. Ulikuya, lakini haukuuliza."

Nje wapiga tarumbeta wa harusi walikuwa wameanza kujaribu sauti zao upande wa misioni, na mtu mmoja akaja mlangoni kuniulizia. Nikamwambia angoje. Nilivuta kiti karibu na Papa Monteur, nikamuuliza kama mama alikuwa na woga.

Akasema mara ya kwanza alikuwa nao mwingi, wa kila kitu. Mara ya tatu ulibaki mmoja tu. Aliogopa kwamba saa yake ikifika tutamzunguka wote tukiomba kwa sauti kubwa, na hatapata mtu wa kumuaga.

Nikamwambia ndivyo ilivyokuwa.